Sista wa Chupa ya Pipi Anavua Sare

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Sista, nesi wa kliniki ya viungo, anastaafu na kuvua sare aliyoivaa miaka thelathini na mmoja. Wakubwa wa kazi wameniomba niandike mimi, mama wa usafi, kwa sababu wanasema namjua. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanivumilia.

Alianza akiwa binti mwembamba kwenye chumba cha sindano. Baadaye akakabidhiwa wagonjwa ambao kinga ya mwili imewageuka na kuwashambulia wenyewe. Alipenda kuwaeleza kwamba ni kama mlinzi anayewapiga wenye nyumba. Mlinzi wetu wa getini alinuna wiki nzima.

Sista hakuwa na desturi ya kumwuliza mgonjwa kama anameza dawa. Alisema wote hujibu ndiyo, hata walioacha. Yeye aliweka mezani chupa ya pipi yenye kifuniko kigumu. Ukiifungua, pipi yako. Vidole vikishindwa, anajua dawa hazimezwi, anaandika kwenye faili. Daktari mkuu aliwahi kushindwa mbele ya watu, akatolewa damu ya kupimwa siku hiyohiyo. Alikutwa mzima, mikono laini tu.

Binti yangu alipougua baridi yabisi, alipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na vitamini ya kuvisindikiza. Karatasi ya ndani ya boksi nikampelekea mlinzi anisomee. Alisoma kwa sauti ya mtangaza mpira mpaka alipofika kwenye neno saratani, akaikunja karatasi na kunirudishia. Nikavificha vidonge kwenye mkoba wangu wa kwendea harusini, nikambakishia mtoto vitamini. Vyote vya njano, nani angejua?

Wiki ya sita chupa ikamshinda. Sista hakumtazama binti. Alinitazama mimi na fagio langu.

"Umeziweka wapi, mama?"

"Kuweka nini, Sista?"

"Usinichezee."

Nikaangua kilio. Nikamwambia siwezi kumlisha mwanangu saratani kwa mkono wangu. Hakunicheka. Aligeuza ndoo yangu, akaikalia, akanieleza polepole: hofu yangu ina msingi, kwani baadhi ya dawa za kutuliza kinga huweza kuongeza hatari hiyo kidogo. Lakini ugonjwa wenyewe, ukiachwa uwake miaka, nao unaongeza hatari ya saratani fulani, na juu ya hayo unapinda vidole.

"Kwa hiyo hatukimbii, mama. Tunatibu, na tunamkagua."

Daktari akamwanzishia dawa upya wiki ileile.

Na kukagua, Sista alikagua! Shingo na kwapa akitafuta uvimbe, ngozi akitafuta madoa, kila miadi. Mkono ukazoea vibaya: alimpapasa shingo bwana mmoja aliyekuja kuhesabu vitanda, na dereva wetu akavuliwa shati kwa sababu ya kidoa cheusi, kumbe wino wa kalamu.

Leo binti yangu ni fundi cherehani, anashona vifungo kutwa nzima. Jumatatu ana miadi, na shingo yake itapapaswa na nesi mpya. Nimeshamchunguza huyo nesi. Mikono yake ina baridi, ila hana haraka. Nitasimama mlangoni, nitamwacha afanye kazi.

Sista, asante kwa mtoto. Wote hapa tunakuombea siku ndefu zenye afya na usingizi wa kutosha. Jumatatu, tukitoka tu kwa nesi, nitakupigia simu mimi. Tafadhali usinitangulie kupiga.