Mikono ya Seremala

Je, mmewahi kumwona mtu anayeongea sana ili asije akasema neno moja? Basi seremala wetu ndivyo alivyokuwa kwenye treni ya asubuhi. Mwaka mzima alikuwa akiketi jirani na fundi cherehani mmoja, na kila siku alijiapiza kwamba leo atamwambia anataka kumwoa. Badala yake akamsimulia habari za ubongo alizosikia redioni.

"Watu wa kale waliongea kwa mikono kwanza. Walipoanza kuchonga mawe, mikono ikashikwa na kazi, ndipo mdomo ukarithi maneno. Mle kichwani, mikono na maneno ni majirani, ukuta kwa ukuta."

"Ondoka hapa!" Fundi alicheka. "Lugha wameileta akina mama. Mtoto umemweka chini ufanye kazi, analia, nawe umempa mgongo. Utambembeleza kwa mikono?"

 Seremala aliikunja kofia yake mara nne magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Fundi akaitazama kama anavyotazama mshono wa mwanafunzi.

"Haya, fundi mwenzangu, umeshinda," akamwambia. " Mikono yako inaniambia kitu tangu mwaka jana. Lakini huo mdomo uliorithi, unamwekea nani?"

Treni ikapunguza mwendo. Fundi alikuwa anashuka hapo, akasimama na mkoba wake begani. Milango ikafunguka.

"Nataka nikuoe!" seremala akasema, na behewa zima likageuka.