Sentensi ya Kwenye Lifti: Kumuaga Mwalimu Josepha Mallya

Tarehe 31 Julai mwaka huu Mwalimu Josepha Mallya anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha Kiingereza cha wanaoanza hapa kituoni kwetu, Kariakoo. Nimeombwa mimi Nasor, msaidizi wake, niandike maneno ya furaha kwa ajili ya sherehe. Nitajitahidi, lakini niseme ukweli mapema: naogopa. Jumatatu inayofuata, darasa lake linakuwa langu.

Darasa lenyewe mnalijua. Ni wafanyabiashara watu wazima wanaokuja jioni wakishafunga maduka, watu ambao mchana kutwa wanavutana na wateja kwa sauti za kupasua masikio. Waambie waseme sentensi moja ya Kiingereza mbele ya wenzao, jasho linawatoka utadhani wamekula pilipili. Mwalimu Josepha alianza nao na sentensi za wakati uliopo tu, mpaka ziwakae mdomoni. Aliwatoa nje hadi Mtaa wa Kongo, kila mmoja aseme kwa Kiingereza kinachofanyika palepale: mtu anakunja vitenge, mama anakaanga mihogo, mkokoteni unapita. Wakirudi darasani ndipo aliwauliza wanachofanya kila siku. Wapita njia walidhani ni kanisa jipya.

Kisa kinachonikaa rohoni ni cha lifti. Masika ya mwaka juzi, maji yamejaa Jangwani na umeme unakuja na kuondoka, lifti ya jengo letu ilikwama katikati ya ghorofa. Ndani tulikuwa Mwalimu, mimi, Bi Mauza anayeuza mapazia, na Fikirini, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mwanamume wa miraba minne. Giza totoro. Fikirini akaanza kupiga mlango ngumi huku analia, "Jamani nakufa! Mama yangu, nakufa!"

Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu kama yuko ubaoni, sasa hivi unafanya nini. Kisha Fikirini akajibu, kwa Kiingereza hichohicho, kwamba amesimama, na kwamba ameshika mkono wa Bi Mauza. "Kumbe ni wewe!" akasema Bi Mauza, tukacheka kidogo. Halafu Fikirini akasema, "I am afraid." Naogopa. Mwalimu akamjibu, "We are listening," tunakusikiliza, akatutaka sote tuitikie. Tukaenda hivyo, kila mtu na hofu yake. Baadaye akatugeuzia mambo ya kila siku: Bi Mauza anauza mapazia, Fikirini anaenda bandarini asubuhi. Kuyataja tu kulitufanya tuamini kwamba kesho tutayafanya tena. Mafundi walipofungua mlango walitukuta tunabishana kwa Kiingereza kibovu kuhusu ubwabwa.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya darasa. Anayesimama mbele anaanza kwa kusema anaogopa, wenzake wanamwitikia kwamba wanamsikiliza, ndipo anaendelea. Leo Bi Mauza anapatana bei na wateja wa Zambia bila mkalimani, na Fikirini anapokea mwenyewe simu za wenye meli. Hiyo ni kazi ya Mwalimu Josepha, na hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo.

Sasa turudi kwangu. Mwaka jana Mwalimu aliugua wiki nzima, nikamshikia darasa. Nilisimama ubaoni nikakauka. Kufika Ijumaa walibaki wawili, na mmoja alikuwa amefuata mwamvuli wake. Mkuu wa kituo ameshasema: wakitawanyika tena, chumba kinakuwa stoo ya mabegi. Hapa Kariakoo tumeona vyumba vingapi vikienda hivyo? Usingizi wenyewe siupati.

Mwalimu, shikamoo. Asante kwa subira yako, kwa vicheko, na kwa kutotuacha gizani siku ile. Tunakuombea afya tele, na huko nyumbani Marangu unakorudi upate kukaa kitako, jambo ambalo hapa hukuwahi kuliweza.

Ila nina ombi. Mabasi ya Moshi yapo kila siku. Usipande la Jumatatu. Jioni ile nitasimama mbele ya watu wako na nitawaambia naogopa. Njoo ukae benchi la nyuma, uitikie pamoja nao. Ukishaitikia, nenda salama, Mwalimu wetu.