Prosesa ya Milano

Benchi la Adja Sira, muuza kahawa wa Medina mjini Dakar, liko mbele ya kibanda anachochapia Medoune Thioub barua na kadi za ubatizo. Asubuhi hiyo ubao mkuu wa kompyuta yake ulikuwa pale benchini, uchi, kati ya vikombe. Ndugu yake alikuwa amemletea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kutoka Milano. Yenye kasi, alisema. Medoune akang'oa ya zamani upesi upesi, Injinia akimsaidia kwa kisu, na sasa hii mpya ilikuwa imekataa katakata kukaa. Washauri hawakukosekana: Injinia, fundi redio asiyejua chuo kina milango mingapi, na Balozi, aliyewahi kumwendeshea gari balozi mmoja kwa miezi minne.

— Bonyeza, alisema Injinia. Penye nia pana njia.

— Nimebonyeza. Inacheza kama jino bovu.

— Basi piga tupa kidogo hapa ubavuni. Hivi vijipengo viwili ndivyo vinavyoleta ubishi.

— Tupa kwenye ubongo, Injinia?

Balozi alipuliza kahawa yake.

— Nyie hamjasafiri. Hii imetoka kwenye baridi. Joto la Dakar limeivimbisha. Izikeni kwenye barafu ya samaki nusu saa, itanywea.

— Na maji je? aliuliza Medoune.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alijibu Balozi.

— Hapana, Injinia akadakia, ubao ndio umekakamaa. Tuupashe kwenye mkaa wa Adja. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mkaa wangu ni wa kahawa, alisema Adja Sira bila kugeuka.

Balozi aliinama mpaka pua ikakaribia prosesa.

— Labda imezoea Kitaliano. Mmeisalimia?

Medoune hakucheka. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alishika kijiwaya cha kubania prosesa, akakaza kidole. Injinia akamhimiza:

— Kaza, mwanaume! Moja, mbili...

— Baba Medoune, barua yangu iko tayari?

Alikuwa Bineta, binti wa fundi seremala, aliyekuwa akiomba kazi ya uuguzi. Mapokezi ya barua yangefungwa saa kumi siku hiyo hiyo. Alitazama ubao, akainama, akasoma maandishi madogo kando ya tundu la prosesa ubaoni.

— Hapa pameandikwa 1150. Hiyo yako ni ya ngapi?

Medoune alitafuta mfukoni kikaratasi alichopewa na ndugu yake pamoja na prosesa.

— 1151.

— Tofauti ya moja tu! alisema Balozi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haitaingia, Baba. Hata ukiikalia.

Medoune akaachia kile kijiwaya. Kidole kilimuuma, na aibu ikamuuma zaidi.

— Na ile ya zamani, Bineta aliuliza, ilikuwa mbovu?

— Hapana. Ilikuwa inafanya kazi. Polepole tu.

— Basi iko wapi?

Medoune alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Balozi. Balozi aliangalia ndani ya kikombe chake, kikavu.

— Si ulikuwa nayo wewe? Balozi alimuuliza Injinia.

— Mimi? Mimi nilishika kisu.

Bineta aliuweka mkoba wake chini, akakunja boubou, vazi lake pana, akapiga magoti mchangani kuitafuta. Medoune akapiga magoti kando yake.

— Nyanyueni miguu, jamani, alisema Medoune. Taratibu.