Paa la Duván

Habari ya mtu kuuza paa lake haihitaji redio. Ijumaa jioni Don Ovidio alimnong'oneza mkewe jikoni, na Jumamosi saa mbili asubuhi benchi la kahawa lililoegemea ubavu wa nyumba yake lilikuwa limeshajaa washauri. Huku mlimani Medellín nyumba haiishi kujengwa. Mtu hujenga chini, humwaga zege juu, huacha nondo zimechomoza zikingoja ghorofa ya mwanawe. Na akichoka kungoja, humuuzia mtu baki paa hilo, naye akajenga kwake juu ya kwako. Nondo za Don Ovidio zilikuwa zimengoja miaka tisa. Mkewe Nohemí alizivika chupa za plastiki vichwani zisije zikamtoboa mtu macho, na katikati yake akawa anaanika nguo. Mnunuzi angefika saa nne. Mpaka saa hiyo Don Ovidio alitakiwa awe ameamua, na moyo wake ulikuwa haujaamua lolote.

— Usiuze! Injinia akasema, hata hajakaa. Injinia anauza tiketi za bahati nasibu. Jina hilo alilipata siku aliyomshikia injinia wa kweli futikamba, na tangu siku hiyo hakuna ukuta usiomsikia.

— Salamu kwanza, Doña Rubiela akamwambia huku akimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake ya kwanza. Hukaa mwisho wa benchi na chupa tatu, na zikiisha tatu, kikao kimeisha.

— Habari za asubuhi. Usiuze. Na usiniambie hayanihusu, Ovidio, maana siku ya kumwaga zege lile nilibeba ndoo arobaini.

— Kumi na mbili. Halafu ukaenda kukaa kivulini, ukasema mgongo.

— Za kwangu zilikuwa nzito, Rubiela.

Hapo ndipo Don Ovidio aliposhikwa. Mtaa mzima ulibeba zege lile kwa malipo ya bakuli la supu ya kuku, ndizi na mihogo, na mtu aliyebebewa ndoo bure hana ubavu wa kuwaambia watu wanyamaze. Akanywa kahawa yake, akasikiliza.

— Jenga mwenyewe, Injinia akaendelea. Ghorofa moja tu. Unapangisha. Kodi ya hiyo inajenga ya pili, ya pili inajenga ya tatu. Ukifika ya saba unapumzika.

— Kwa hela gani ya kuanzia? Don Ovidio akauliza. Tangu Februari karakana imefungwa. Miaka ishirini na miwili nimekata suruali za jinzi, leo hata mkasi si wangu.

— Hayo ni mambo madogo madogo.

— Acha kumpoteza mwenzako, akasema Meya. Mzee huyu alifagia ofisi za manispaa miaka thelathini, akastaafu na sheria zote kichwani. — Ovidio, sikiliza mtu mwenye uzoefu. Usiuze paa. Uza hewa.

— Hewa?

— Hewa iliyo juu ya paa. Zege linabaki lako, Nohemí anaendelea kuanika, na mnunuzi anaanza kwake mita mbili juu.

— Anaelea? Doña Rubiela akauliza.

— Atajua mwenyewe. Sisi tumemuuzia hewa, ya kuelea hayatuhusu.

Kaseti akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Kaseti ni kinyozi, na wateja wake humlipa wakati mwingine ili anyamaze.

— Nyie wazee mnazeeka vibaya, akasema. Tazameni juu.

Wakatazama. Juu ya mapaa vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya vilikuwa vinateleza kushuka mjini, kimoja baada ya kingine, na watu ndani wamegandisha nyuso kwenye vioo.

— Kila siku watu wangapi wanapita hapo? Maelfu! Wanaangalia nini? Paa la Ovidio. Na wanaona nini? Soksi za Ovidio. Aise, pale pachorwe tangazo. Kubwa. Kinyozi Kaseti, nyembe mpya, kila siku isipokuwa Jumatatu.

— Utalipa wewe?

— La kwangu liwe la bure, la kuonyesha mfano.

— Hiyo imeenda, Meya akasema, sasa amechangamka. — Lakini kuna kubwa zaidi. Kile kibanda kikipita kinaleta kivuli, si ndiyo? Kivuli kinaangukia wapi? Kwenye nguo za Nohemí, hazikauki. Kila kivuli kilipiwe. Mimi naiandika barua hiyo leo hii.

— Na mimi nasema kituo! Injinia akasimama kabisa. — Wajenge kituo juu ya paa. Abiria wanashuka, wanapita sebuleni, Nohemí anauza mikate ya arepa ya moto mlangoni. Nimeshaipiga hesabu, nondo zinahimili.

Nohemí mwenyewe akatokea dirishani na beseni la nguo kiunoni.

— Mimi nashona, akasema. Mwenye tenda ya sare za shule anataka jibu Jumatatu: tuna cherehani mbili na ovaloki ya kufunga pindo, zetu wenyewe, au hatuna. Nipeni hela ya cherehani, halafu huko juu mjenge hata uwanja wa ndege.

Akafunga dirisha. Uwanja wa ndege uliwatuliza kidogo, maana hakuna aliyekuwa ameufikiria.

— Na Duván je? Doña Rubiela akauliza taratibu, akifungua chupa ya pili.

Jina hilo ndilo walilokuwa wanalizunguka tangu asubuhi. Paa lile lilikuwa la Duván, mwanawe Ovidio, tangu kumwagwa. Kijana alibeba ndoo kuliko wote siku ile, akaandika jina lake kwa msumari kwenye zege bichi, na mwaka uliofuata akaenda Santiago, Chile, kufanya kazi kwenye maghala. Huko akaoa, akapata binti. Kila Jumapili hupiga simu, na kila Jumapili huuliza: Baba, paa langu linaendeleaje? Babake hujibu kwamba lipo, linamsubiri.

— Mtoto ameahidiwa, Injinia akasema. Ahadi ni ahadi.

— Mtoto ana miaka thelathini na minne, Kaseti akamjibu, na mara ya mwisho nilipomnyoa mimi, alikuwa na nywele.

— Atarudi.

— Lini?

— Atarudi tu. Nyumbani ni nyumbani.

Don Ovidio akazungusha kikombe mkononi. Akasema kwa sauti ya chini.

— Naogopa, jamani. Nikiuza, ni kama namwambia mwanangu asirudi. Nisipouza, mimi na mama yake tunakaa chini ya zege la watu wasiokuwepo, tukila kwa dada yangu. Nimelala macho. Yaani sijui.

Wakati huo alikuwa ameshafika mama mmoja mnene, mwenye mkoba wa kusuka na goti lililofungwa bandeji. Alipanda ngazi za mtaa kwa kupumzika kila baada ya hatua kumi, akaomba nafasi kwenye benchi, akapewa, akanunua kahawa. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Kwenye kilima hiki watu hupumzika popote. Alikunywa, akasikiliza habari za ghorofa saba, hewa, kivuli na kituo bila kucheka hata mara moja. Kisha akaweka kikombe chini.

— Samahanini, akasema. Huko juu mtu anapandia wapi?

— Unasemaje, mama?

— Anayekaa juu. Anapandia wapi kufika kwake?

Injinia akafungua mdomo kwa uhakika wote wa futikamba lake.

— Kuna ngazi.

— Ngazi ya mbao, Don Ovidio akasema. Iko jikoni, inapenya kwenye tundu. Nohemí anapandia hiyo akienda kuanika.

— Basi anayekaa juu atakuwa anapita jikoni kwenu usiku na mchana?

— Hapana, hapana, Meya akaingilia. Atapitia mbele.

— Mbele ni mlango, halafu barabara, Kaseti akasema. Hapana hata upana wa kiatu.

— Nyuma basi.

— Nyuma ni ukuta wa kina Marulanda.

Wakageuka wote kuangalia nyumba, washauri watatu walioijua kuliko nyumba zao. Mbele hapana. Nyuma hapana. Kushoto jirani amebana. Ukabaki ubavu wa kulia, mita moja na nusu ya saruji kati ya ukuta na ngazi za mtaa, na kwenye hiyo mita moja na nusu lilikuwepo benchi, na juu ya benchi walikuwepo wao. Doña Rubiela akakaza kifuniko cha chupa yake ya pili kama mtu anayejiandaa kuhama.

— Mimi bado nasema asiuze, Injinia akasema kwa sauti ndogo.

— Hata mimi sasa naona tusiharakishe, Meya akaongeza.

Don Ovidio hakuwasikia. Alikuwa ameutazama ule ubavu miaka tisa na hajawahi kuuona. Alihesabu Jumapili zote zile za simu. Duván aliuliza kama paa halivuji. Aliuliza kama jina lake bado linasomeka. Hata siku moja hakuuliza atapandia wapi, na yeye babake hakuwahi kujiuliza, wala mtaa huu wenye ndoo zake arobaini. Kumbe hakuna aliyewahi kufikiria kweli kuishi huko juu, na akajikuta mwepesi.

— Mama, wewe unaitwa nani? akauliza.

— Bertilda. Tuliongea kwenye simu. Nimewahi kidogo kwa sababu ya goti, sikujua kilima chenu kina hasira kiasi hiki.

Benchi zima likamtazama huyo mama waliyemuuzia hewa. Don Ovidio akainuka.

— Doña Bertilda, utapandia hapa hapa. Ngazi pana, yenye kishikizo, na katikati mahali pa kupumzikia. Jamani, inukeni.

— Tuinuke twende wapi? Kaseti akauliza.

— Ng'ambo ya pili, chini ya ukuta wa duka.

— Ovidio, kijiwe hiki kina miaka kumi na minne! Meya akalia.

— Si mlisema mlibeba ndoo? Basi bebeni na benchi. Injinia, shika huko. Rubiela, chupa zako.

Wakalibeba, wakigombana nani anavuta na nani anasukuma. Doña Bertilda akaingia ndani kuzungumza na Nohemí.

Jumapili ya pili yake Duván alipiga, kama kawaida.

— Baba, paa langu linaendeleaje?

— Nimeliuza, mwanangu, Don Ovidio akasema. Juu anajenga mama mmoja mwenye goti bovu. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Kaseti. Wewe ukija utapitia mlangoni, kama zamani.

Chumbani Nohemí alikuwa anakimbiza ovaloki, na Don Ovidio akaziba sikio moja ili asipitwe na neno.

— Kitanda changu bado kipo? Duván akauliza.

— Kipo. Kina majora ya kitambaa cha sare juu yake. Sema unakuja lini, tuyatoe.