Mama Aino wa Kwaluguru: Aliogopa Kuzikwa Kimya

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aliye shambani apumzishe jembe kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Aino.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Leena. Lakini ukifika Kwaluguru ukamuulizia Leena, watakwambia hawamjui. Muulizie Mama Aino, utaonyeshwa nyumba mpaka mlangoni. Alikuwa mmisionari kutoka nchi ya Ufini. Alikuja Handeni mwaka 1994, yeye, mumewe Mchungaji Pekka, binti yao Aino na mdogo wake Mikko. Amefariki mwezi huu akiwa na miaka sabini na moja. Amefia Kwaluguru, na amezikwa Kwaluguru.

Nilimhoji mara moja, miaka mitatu iliyopita. Nilimuuliza swali letu la kila kipindi, kwamba mama, unaogopa nini maishani? Nilitegemea atasema nyoka, au ukame. Akasema, "Naogopa kuzikwa kimya." Sikumwelewa siku ile. Leo namwelewa, na nitawaeleza.

Turudi nyuma. Maisha ya mmisionari watu huyaona Jumapili tu, amevaa vizuri, anaimba. Jumatatu hakuna anayeiona. Jumatatu Mchungaji Pekka alipiga teke pikipiki yake, ikagoma, akapiga tena, ikawaka, akaondoka kwenda vijijini mpaka Alhamisi. Aino na Mikko walikuwa shule ya bweni, mbali, wanarudi likizo. Mama anabaki. Anachota maji kwenye pipa. Anapika mkate kwa kupalia makaa juu ya mfuniko. Jioni anakaa barazani. Watu wanapita. Shikamoo mama. Marahaba. Wanapita.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kichuguu kikubwa. Simu za mkononi zilipofika, mtandao ulipatikana pale juu tu. Krismasi moja alipanda kumpigia mama yake. Mama yake akamwambia huko theluji imefika madirishani. Yeye akamwambia huku jasho linamtoka. Simu ikakatika. Aino, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliniambia kwamba mama yake aliendelea kusimama juu ya kichuguu, simu sikioni, kama anasikiliza. "Nikamwita chakula kipo tayari," anasema Aino. "Akaniambia subiri, naongea na bibi yako."

Sasa sikilizeni jambo lililobadili kila kitu.

Mwaka 2006 Mchungaji Pekka alifariki kwa ajali ya pikipiki. Watu wa Kwaluguru walisema azikwe hapo hapo, huyu ni Mzigua wetu. Na Wazigua, kama mjuavyo, wana watani wao Wanyamwezi. Mtani ndiye anayekuja msibani kuwachekesha wafiwa ili wasife na wao kwa huzuni. Kule Masuguru, Korogwe mjini, alikuwapo fundi seremala Mnyamwezi, Mzee Kasmiri. Baba yake alikuja kutoka Tabora kukata mkonge, akazalia hapa. Kasmiri alikuwa mtani asiyekosa msiba wa Mzigua. Akasema kama Mchungaji anazikwa kama Mzigua, basi ni mtani wangu.

Akaja. Akavaa koti la mvua la marehemu, akajitwika helmeti yake. Akapiga teke pikipiki isiyokuwapo. Ikagoma. Akapiga tena, akachechemea, akaanza kuihubiria kwa lafudhi ya Mchungaji, akivuta maneno, Bwaaana asifiwe wewe pikipiki. Watu wakaangua kicheko, machozi yakiwatoka.

Mama Aino akainuka mkekani. Akaivua ile helmeti kichwani kwa Kasmiri. Akasema, "Mume wangu amekufa, na wewe unacheka. Ondoka."

Kasmiri akavua koti, akalikunja vizuri, akaondoka. Hakuna aliyemweleza mama yule kwamba ile ilikuwa heshima. Hakuna! Mtu mzima amefiwa, utaanzia wapi? Wakazika kimya. Walisikia koleo tu.

Wasikilizaji wapendwa, toka siku ile Kwaluguru ilimheshimu Mama Aino. Na mimi niseme wazi, heshima ile ilimtesa. Jirani yake, Bibi Mwaija, ananiambia hivi: "Tulidhani hataki kuguswa. Tukamwacha na heshima yake. Shikamoo tulimpa, maji tulimpa, ila hakuna aliyeingia jikoni kwake akamwambia chai yako mbovu." Watoto wakaenda Ufini kusoma, wakabaki huko. Mama Aino akawa anafundisha wasichana kushona, anafundisha Shule ya Jumapili, kisha anafunga mlango. Miaka ikaenda hivyo.

Mpaka alipofariki Mzee Mdoe, mume wa Bibi Mwaija. Msiba wa Kiislamu, wa jirani, Mama Aino akaenda. Na Kasmiri akaja. Akamuiga marehemu alivyokuwa akificha ugoro wake asiombwe. Alijipekua, akajinyima mwenyewe. Mama Aino akamtazama Bibi Mwaija, akiwaza huyu sasa atamfukuza. Bibi Mwaija alikuwa anacheka. Analia na anacheka, kichwa kimeegemea begani kwa binti yake Faudhia.

Faudhia ndiye aliyemweleza baadaye, wakiosha vyombo. Alimwambia kwamba mtani haji kwa mgeni. Anakuja kwa mwenyeji. Marehemu asiye na mtani ni mtu wa kupita. Faudhia anasema Mama Aino aliweka sahani chini, akaenda kusimama uani peke yake muda mrefu.

Kesho yake akapanda basi la Korogwe. Akafika Masuguru, akamkuta Kasmiri anapiga randa ubao. Akamwambia, nilikufukuza, nilikuwa sijui, naomba unisamehe. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Kasmiri hakuacha hata kupiga randa.

"Mtani haombwi msamaha," akasema. "Mtani hulipwa kuku. Na wewe ulivyo mchoyo, najua hujaja naye."

Mama Aino akacheka. Paulina, binti wa Kasmiri, alikuwapo, anasema alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi la mbao.

Jumamosi Kasmiri akafika Kwaluguru, akakamata jogoo wa Mama Aino bila hodi, akaondoka naye. Kijiji kizima kikaona. Basi, ikawa ruksa. Bibi Mwaija akaingia jikoni, akaonja ile chai, akasema alichotaka kusema miaka yote ile.

Nisiwadanganye kwamba upweke uliisha. Jioni bado zilikuwa ndefu. Wajukuu wake aliwaona kwenye simu. Lakini alikuwa na watu wa kumsema vibaya mbele yake, na hiyo si kitu kidogo. Kasmiri alipofariki, mwaka 2019, mama wa Kifini alivaa aproni ya seremala, akashika futi ya kupimia, akapita msibani Masuguru akiwapima waombolezaji mmoja mmoja. Alipompima mwenyekiti wa mtaa, akamwambia kwa jeneza lako mbao hazitatosha. Watu walicheka. Akirudi nyumbani, Faudhia anasema, alilia njia nzima.

Kwa sababu mtani aliyemzika siku ile ndiye aliyepaswa kuja kumzika yeye.

Alipoanza kuugua, Aino alimsihi arudi Ufini. Kuna hospitali nzuri, kuna yeye. Mama akakataa. Akasema kule watu wanazikwa kimya. Aino akamwambia, mama, na Kwaluguru sasa nani atakutania?

Nilikuwapo mazikoni, wasikilizaji wapendwa. Aino alikuja. Mikko alifuatilia kwenye simu iliyoshikwa na Faudhia. Mchungaji Valentino alihubiri vizuri. Kisha jeneza likaletwa kaburini, na ukimya ukaingia. Niliusikia. Nikasema moyoni, ndio huu aliouogopa.

Ndipo Paulina akatokea nyuma. Binti wa Kasmiri. Amevaa gauni la Mama Aino, na miwani yake imening'inia puani. Watu wakaanza kutabasamu, afadhali, damu ya Kasmiri imefika. Paulina akakaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, kuzuia jeneza lisishuke, kama watani wafanyavyo. Akafungua mdomo amuige.

Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akavua miwani, akaishika kwa mikono miwili, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua la kufanya. Maana mtani halii. Mtani akilia, msiba umeharibika.

Mzee Jabiri, mkubwa wa ukoo pale Kwaluguru, akasogea na fimbo yake. Akamtazama. Akasema, "Mtani halii. Huyu si mtani. Huyu amefiwa na mama." Akawageukia vijana wenye koleo. "Mpeni nafasi pale kwa Aino. Atupe udongo na mwenzake."

Aino akamshika mkono. Wakatupa udongo pamoja.

Wasikilizaji wapendwa, usiku wa leo kabla ya kulala, mfikirie jirani yako mmoja unayemheshimu sana. Jiulize mara ya mwisho umemchekesha lini. Kesho mpigie hodi, na chai ikiwa mbovu mwambie.

Kwa niaba ya kipindi hiki, poleni sana watu wa Kwaluguru na Masuguru. Pole Bibi Mwaija. Na poleni watoto wa marehemu: Aino, Mikko, na Paulina.