Katoni Ine Chini ya Gari ya Fiacre

Baba Padri, wakubwa wa avenue yetu, wandugu muliotoka Mahagi, na ninyi mafundi muliofunga magaraji yenu leo, Yezu Kristu asifiwe, mimi ni Solange, mwalimu wa pensheni, dada mukubwa wa huyu tunayemusindikiza, na familia imenichagua nisome maisha yake, ijapokuwa kila mutu hapa anajua kama katika nyumba hii mwoga wa kwanza ni mimi.

Mbele ya kuanza, wamotari wa pikipiki walio inje wazimishe moteri, tafazali, sababu sauti yangu haina nguvu na roho yangu haiko pahali pake. Munaona ile gari nyekundu ya milango mbili pale chini ya bâche, lile turubai, ile njo gari ya marehemu, na Noëlla, mutoto wake wa kwanza, anataka kuiendesha mbele ya sanduku ya baba yake mpaka makaburini, na munajua vile njia inateremuka hadi daraja ya Nyamukau, pale siku ya posho, siku ya soko, wamama wanauza mihogo mpaka katikati ya barabara. Breki za gari hiyo zilifunguliwa wakati marehemu angali hai, Noëlla amezifunga mwenyewe hapa hapa katika siku hizi za matanga, na hakuna mutu amekwisha kuzijaribu. Jana aliweka katoni safi chini ya kila gurudumu, sawa baba yake alivyomufundisha, ili mafuta ya breki yakivuja yaonekane, na leo asubuhi tatu zilikuwa kavu, lakini ya ine, ya nyuma kushoto, ilikuwa na doa.

Wamama wanaoosha sufuria wanasema ni maji yao ya sabuni, sababu waliyamwaga pale karibu, na Abdoul, fundi mwenzake marehemu na rafiki yake wa miaka mingi, alinusa, akasugua na vidole, akasema sabuni inateleza na mafuta ya breki yanateleza, yeye hawezi kuapa. Basi tumepatana, mimi na Noëlla, mbele ya mama yake, katoni iko juu ya ukuta penye jua, Abdoul anailinda kuku wasiiguse, kama ni maji itakauka mbele sijamaliza kusoma, na Noëlla ataendesha, kama ni mafuta ya breki doa itabaki, na Noëlla ataniletea ufunguo wa gari. Mutanisamehe nikisoma polepole, leo sina haraka hata kidogo.

Fiacre Unencan alizaliwa Mahagi-Port, kando ya ziwa, tarehe 30 mwezi wa munane 1971, mutoto wa tano wa muzee Théodore, muvuvi na muchuuzi wa samaki ya chumvi, na wa mama Débora, wote wawili walisha kututangulia, na padri akamupa jina la mutakatifu wa siku ile, ambaye watu wanasema ni musimamizi wa madereva wa taksi, mama akacheka, kwani kwetu siku zile hakukuwa hata na kinga, hata baiskeli moja. Alisoma shule ya musingi pale pale tangu 1977 mpaka 1983, hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho, lakini kila kitu chenye visi, zile parafujo, alikifungua, redio ya katekista, saa ya ukutani, na siku moja ya mwaka 1985 moteri ya mutumbwi wa baba.

Ile moteri aliifunga kwa haraka, akasema iko muzuri, baba akaingia nayo ziwani, ikamuzimikia kati ya maji na mawimbi yakapanda, na siye tulibaki pwani tukilia mpaka watu wa mutumbwi mwingine wakamuvuta. Baba alishuka amelowa chapa chapa, hakumupiga, alimuambia tu kama kitu umekifunga na mikono yako ukiache kilale, kesho ukiangalie tena, na weye mwenyewe uwe wa kwanza kupanda. Tangu ile siku Fiacre hakuisahau hiyo sheria, na mimi sikuusahau woga ule, nilikuwa na miaka kumi na nane, na mpaka leo nikisikia moteri inakohoa natoka inje kuhesabu watu wetu.

Akaendelea na masomo ya mekaniki Mahagi, akapata diploma mwaka 1991, mwezi wa pili 1993 akaja Bunia na begi moja, akafanya kazi katika garaji ya Mugiriki mumoja muzee mpaka vita ya 2002, wakati garaji ilipobebwa yote, hata mulango, na yeye akarudi Mahagi na familia kwa miguu. Aliporudi hapa mwezi wa tano 2005, alifungua garaji yake mwenyewe katika quartier Lumumba, pamoja na Abdoul, na malori yaliyotoka Gety na Aveba na maharagi, ama Djugu na viazi, yalikuwa yanapanga mustari kumungojea, sababu gari Fiacre amefunga haikurudi na ubovu ule ule. Lakini wateja walilalamika, alichelewesha, kila gari yenye breki ilifunguliwa ililala kwake, ubao umekazwa kati ya kiti na pedali ili breki ibaki imekamatwa mpaka asubuhi, katoni ine chini ya magurudumu, na wenye haraka aliwaambia polepole njo mwendo, kama hawataki waende kwa fundi mwingine.

Tarehe 15 mwezi wa saba 2000 alifunga ndoa takatifu na Gertrude, huyu tunayemuona hapa, mwanamuke wa uvumilivu, na Mungu akawapa watoto watatu, Noëlla aliyezaliwa usiku wa Noeli 2001, Josias mwaka 2005, na Joyeuse mwaka 2010. Gertrude alikubali mafuta meusi kwenye mashuka, alikubali vipande vya moteri juu ya meza ya kulia, lakini mwezi wa tatu 2013, Fiacre alipotoka Kampala kufunga moteri ya lori ya mutu, na kama zawadi ya kazi akaleta ile Toyota Celica ya mwaka 1988, gari ya mbio iliyolala nyuma ya nyumba ya mutu yule miaka mingi, kutu chini, kuku ametaga kwenye kiti ya dereva, Gertrude aliniita kwa telefone akauliza kama katika ukoo wetu kuna ugonjwa wa kichwa.

Miaka miwili aliitengeneza, Jumapili na jioni, alikata mabati ya pipa akaziba sakafu, alishusha boîte ya gia akaipanga jino kwa jino, alitafuta piyesi, vipuri vya gari, Kampala, Arua, hata kwa wachuuzi wa vyuma vya kuuza kwa kilo, na mwezi wa kumi 2015 gari ikaguruma, watoto wa avenue yote wakakimbia kuja, mimi nikakimbia kwenda. Upande wa Shari kulikuwa uwanja wa udongo, yeye na Abdoul wakapanga matairi ya zamani, wakafanya piste, njia ya mbio, na kila Jumapili kiisha misa alikwenda kukimbiza gari, si kwa fujo, hapana, alikuwa anavunja mwendo mbele ya kona na si ndani ya kona, anatoka anasukuma gesi, vumbi yote inabaki nyuma, kiisha anarudi kugusa kila gurudumu na mugongo wa mukono, kujua nani amechoka zaidi. Mimi nilikaa chini na rozari, nikikosa hesabu ya Salamu Maria kila mara anapopotea nyuma ya vumbi, na Gertrude ni shahidi kama Jumapili telefone ikilia mbele ya saa kumi mimi nilikuwa nakaa kwanza, njo napokea.

Kitu kimoja lakini kilikuwa cha kwangu. Kila alipofungua breki, mzunguko wa kwanza wa piste hakuukimbiza, aliufanya kwa mwendo wa mutu anayetembea, yeye peke yake ndani, na inje mutu mumoja anatembea kando ya mulango, mukono juu ya dirisha, masikio wazi, na huyo mutu nilikuwa mimi, kwani alisema hakuna fundi Bunia mwenye masikio kama ya dada yake, yaya Solange, woga unasikia kila kitu. Nilimutukana kila mara, na kila mara nilikwenda, na mara mbili nilisikia chuma kinasaga, akasimama, akakuta ni kweli.

Mwezi wa munane 2017 aliingia mashindano kule Uganda, akawa wa ine katika gari za zamani, lakini kiburi chake haikuwa ile nafasi, ilikuwa kwamba gari ilirudi Bunia kwa magurudumu yake yenyewe kupitia Mahagi. Mwaka 2019, wakimbizi wa Djugu walipojaa uwanja ule, hakunung'unika, aliwapa matairi yote ya piste wakazuie bâche zisibebwe na upepo, akatafuta uwanja mwingine, mudogo, penye watu wanachoma matofali, na pale njo Noëlla alianza kujifunza kukimbiza gari, akapata diploma yake ya mekaniki mwaka 2020, na mimi nikapata watu wawili wa kuombea, badala ya mumoja.

Sasa naingia katika ugonjwa. Mwezi wa kumi na moja 2023 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakakuta mafigo yamechoka, alikwenda Kampala, alirudi, alikwenda tena, na mimi, niliyeogopa gari miaka yote, niliyeona kifo chake kila Jumapili katika vumbi, kumbe nilikuwa nalinda mulango mumoja na kifo kilipita kwenye dirisha. Mwezi wa tatu wa mwaka huu 2025 alipata nguvu kidogo, akaketi juu ya tairi kule kwenye gari yake, akafungua breki zote, akafunga gurudumu moja peke yake, mikono imevimba kama mikate, kiisha nguvu ikaisha, magurudumu matatu yakabaki wazi, pamoja na pompe ya breki, yakingojea kaoucho, ile mipira ya kuzuia mafuta, kutoka Kampala. Mwezi wa tano wakamulaza tena, na akamuambia Noëlla kama siku ya kutoka hospitali hataki ambulance, anataka kurudi nyumbani katika Celica, na Noëlla akamuahidi kama yeye njo atakuwa kwenye usukani. Kaoucho zilifika na basi ya Mahagi Alhamisi tarehe 12 mwezi wa sita, na siku ile ile, saa tisa ya muchana, Fiacre alikata roho, Gertrude akimushika mukono, akiwa na miaka makumi tano na tatu.

Basi munaelewa sasa kwa nini mutoto huyu hakulala, kwa nini alifunga breki huku wamama wanaimba, alitaka kutimiza neno lake, na mimi siwezi kumulaumu, namupenda, na njo maana naogopa.

Kuna jambo sikutaka kulisoma, lakini Gertrude amesema nilisome. Lile gurudumu Fiacre alilofunga na mikono yake iliyovimba, ni la nyuma kushoto, na Noëlla alifungua na kurudilia kila kitu katika gari ile, isipokuwa hilo, hakuligusa, sababu lilikuwa kazi ya mwisho ya baba yake na kwa heshima hakutaka kuweka spana yake pale penye baba amekaza. Mutoto, kazi yako yote iko muzuri, katoni tatu ziko kavu kabisa, fundi yeyote hapa anaweza kusaini.

Abdoul, leta katoni.

Aa, jamani. Jua limepiga tangu asubuhi, pembeni pote pamekauka, lakini doa iko vile vile, munaona, inang'aa. Ee Fiacre, hata weye, siku ile mikono ilikataa, na haukuwa na muda wa kuacha kitu kilale ukiangalie kesho, lakini katoni yako imesema ukweli, imesema mbele binti yako hajashuka kule darajani.

Noëlla amesimama. Anakuja. Wandugu, mumupishe njia.

Ameigusa doa kwa kidole, amenusa, na ufunguo wa gari huu hapa katika mukono wangu, asante, Noëlla, mama yangu, asante, kaa karibu na mimi, lia, usiogope watu. Gurudumu lile utalifungua weye mwenyewe, wiki ijayo, na utalifunga, na baba yako angetaka vile, nakuapia.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi wote waliomupigania, hapa na kule Uganda, inashukuru majirani waliotupa viti na kuni, wamama wa sufuria na maji yao ya sabuni, wanakwaya, mafundi wote na wamotari, ambao nawaomba leo wasukume pikipiki zao kwa mukono, na Abdoul, ndugu tuliyepewa bila kuzaliwa naye. Gari itabaki chini ya bâche. Siye tutakwenda kwa miguu, vijana watabeba sanduku, Noëlla mbele, na mimi kando, mukono wangu juu ya ubao wa sanduku na masikio wazi, mwendo wa mutu anayetembea, sawa mzunguko wa kwanza.

Fiacre, mudogo wangu, pumzika na amani, mutoto wako iko muzima.