Kidole cha Bi. Dorota

Mgeni rasmi, Bi. Colleen Harlow, mwenyekiti wa mfuko wa misaada uliotuletea kompyuta mpya; wanakikundi wenzetu; majirani wote:

MAKARIBISHO
Karibu Buffalo, na karibu katika chumba chetu cha chini. Utuwie radhi kwa ngazi zile, na kwa theluji uliyoikanyaga ili utufikie.

HISTORIA
Sisi ni wachoraji kumi na wanne. Miaka sita iliyopita tuliamua kuifundisha kompyuta kuchora, kwa sharti moja: ijifunze kwa michoro ya mikono yetu tu. Michoro elfu tatu na mia mbili ilipigwa picha na Bi. Dorota Nowicki, fundi cherehani mstaafu. Karatasi zilikuwa zikijikunja, naye akawa anazishikilia kwa kidole gumba chake, kilichofungwa plasta. Hakuna kati yetu aliyeona mapema kwamba kidole kilikuwa kikiingia kwenye kila picha.

MAFANIKIO
Mashine ilipoanza kazi ilichora ziwa, paka, treni. Na kila picha ilikuwa na kidole gumba chenye plasta kwenye kona ya chini kushoto. Ilidhani bila kidole picha haijakamilika. Mwenzetu Terrell alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mama Dorota, umeingia hadi kwenye mashine!"

"Afadhali yenyewe imenisikiliza," akajibu. "Wewe kila siku nakwambia uoshe brashi, wapi!"

Tulikubaliana kidole kisiondolewe. Tumefanya maonyesho manne, na watu huja kukitafuta.

CHANGAMOTO
Bi. Dorota alifariki mwezi Februari. Bado inatuuma.

Kompyuta mpya ni nzuri na tunaishukuru kwa dhati. Ila imekuja ikiwa imeshafundishwa, kwa picha zilizochorwa na watu tusiowajua, na inachora bila kosa. Aidha, sharti la msaada ni kwamba ile ya zamani ikabidhiwe Jumatatu, ifutwe kila kitu.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi matano, pamoja na la taa za ngazi. Jana tuliyakata manne. Tunaomba kompyuta ya zamani ibaki, hata pale nyuma ya tangi la maji ya moto.

Picha tunayokukabidhi imechorwa nayo asubuhi ya leo. Ni ziwa letu lilivyoganda. Tafadhali, atakayekuwekea fremu mwambie asikifunike kidole.

Mungu akujalie afya, na akufikishe nyumbani salama katika barabara hizi za barafu.

Imesomwa na Ines Figueroa, kwa niaba ya
Wachoraji wa Chumba cha Chini, Buffalo.